Namba 926,976: Vigawo, Majina na Utata wa "Na" katika Kiswahili

1. Utangulizi

Barabara kuu itokayo Lodwar huelekea kaskazini-magharibi hadi Kakuma, hupita Lokichoggio, na hatimaye hufika Nadapal, penye mpaka wa Kenya na Sudani Kusini. Katika njia hiyo kuhesabu watu si jambo la mara moja katika miaka kumi. Tangu kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, Nadapal imekuwa mlango ambao wakimbizi wengi kutoka upande wa pili huingilia, na kila aingiaye hapana budi ahesabiwe. Wenyeji nao wana sababu zao za kuijali hesabu. Matokeo ya sensa ya mwaka 2009 yalipotangazwa, mwezi wa Agosti 2010, serikali iliyakataa matokeo ya wilaya nane za Kenya, na tatu kati ya hizo zilikuwa Turkana Kaskazini, Turkana Kati na Turkana Kusini. Idadi iliyobishaniwa, ambayo baadaye iliendelea kutumiwa katika vitabu rasmi vya takwimu, ilikuwa 855,399 kwa Turkana nzima. Sensa ya Agosti 2019 ilitoa idadi ya 926,976. Kwa kuwa idadi ya watu ni mojawapo ya vigezo vya kugawia kaunti fedha za umma, namba hizi mbili si mapambo ya jedwali.

Chukulia basi kwamba karani aliyeko Nadapal anamsomea mwenzake wa Lodwar, kwa simu, idadi ya watu wa Turkana iliyokadiriwa kwa maelfu: "watu laki tisa na elfu ishirini na sita." Mwenzake aandike nini? Aweza kuandika 926,000. Aweza pia kuandika 920,006. Na sarufi ya Kiswahili haitamlaumu kwa lolote kati ya hayo mawili.

Makala haya yanakusudia kuuchunguza utata huo. Kwanza yataonyesha, kwa kuichambua namba 926,976, kwamba Kiswahili kina istilahi za kutosha kuzungumzia sifa za namba nzima. Pili yataeleza utata wa neno "na" unatokea wapi, na ni wapi sarufi yenyewe inautatua. Tatu yataonyesha kwamba pale sarufi inaposhindwa, nadharia ya namba inaweza kusaidia, ila si kwa kanuni ile ambayo wengi wangeikimbilia kwanza.

2. Istilahi za nadharia ya namba

Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1960, walimu wa hisabati walihitaji maneno ambayo hayakuwa yakitumika darasani hapo awali. Baadhi yalichukuliwa kutoka hazina ya zamani. "Shufwa" na "witiri", yaani namba inayogawanyika kwa 2 na ile isiyogawanyika, ni maneno yenye asili ya Kiarabu ambayo Waislamu wa pwani walikuwa wakiyajua katika ibada muda mrefu kabla ya kuingia katika vitabu vya hesabu. Mtu asaliye witiri usiku anajua kwamba idadi ya rakaa zake haigawanyiki sawasawa. Maneno mengine yaliundwa kutokana na mizizi ya Kibantu: kutoka "gawa" tunapata "kigawo", yaani namba inayogawa nyingine bila kubakisha kitu, na "kigawe", yaani namba inayogawanywa na kigawo hicho.

Istilahi inayostahili kutazamwa zaidi ni "namba tasa". Namba tasa ni ile iliyo kubwa kuliko 1 na ambayo haina kigawo kingine ila 1 na yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17 na kuendelea. Yaweza kudaiwa kwamba jina hili limegeuza mambo juu chini. Namba zote nyingine huzaliwa kwa kuzidisha namba tasa. Iweje mzazi wa wote aitwe tasa? Jibu ni kwamba sitiari hii imetazama kugawanya, si kuzidisha. Ukiigawanya 12 utapata 2 na 6, 3 na 4. Ukiigawanya 17 haitoi kitu. Kwa mwenye kugawanya, namba hiyo ni tasa kweli. Kwa mwenye kuzidisha, ni mama. Mwalimu anayelitumia neno hili yampasa awaeleze wanafunzi wake pande zote mbili, la sivyo nusu ya maana itapotea.

Nchini Kenya, ambako hisabati hufundishwa kwa Kiingereza, istilahi hizi hazijaenea sana, na hata neno lenyewe "namba" mara nyingi huwa "nambari". Lakini Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Lugha rasmi hapana budi iweze kutaja hesabu za serikali bila kumpotosha msikilizaji.

3. Vigawo vya namba 926,976

Namba hii yaishia na 6, kwa hiyo ni shufwa. Tarakimu zake tatu za mwisho, 976, zinagawanyika kwa 8, na kwa sababu hiyo namba nzima inagawanyika kwa 8, maana elfu moja yenyewe ni kigawe cha 8. Tukiendelea kuigawanya kwa 2 tutaweza kufanya hivyo mara nane, na tutabakiwa na 3,621. Jumla ya tarakimu za 3,621 ni 12, ambayo ni kigawe cha 3. Tukiigawanya kwa 3 tunapata 1,207. Hii nayo ni 17 mara 71, na zote mbili ni tasa. Hivyo:

926,976 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 17 × 71

au kwa ufupi, 256 × 3 × 17 × 71. Tangu enzi ya Euclid, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, misingi ya jambo hili ilijulikana, na Carl Friedrich Gauss alilithibitisha kwa ukamilifu mwaka 1801: mpangilio huo wa namba tasa ni mmoja tu. Hakuna mtu, kwa lugha yoyote, atakayeichambua 926,976 akapata namba tasa nyingine.

Kutokana na mpangilio huo tunaweza kuhesabu vigawo vyote bila kuvitafuta kimoja kimoja. Kila kigawo huundwa kwa kuchukua 2 mara kadhaa, kuanzia mara 0 hadi mara 8, nazo ni njia 9; kisha kuchukua au kuacha 3, kuchukua au kuacha 17, na kuchukua au kuacha 71. Jumla ni 9 × 2 × 2 × 2, yaani vigawo 72.

Tuitazame sasa idadi ya mwaka 2009. Namba 855,399 ni witiri, na mpangilio wake ni 3 × 19 × 43 × 349. Vigawo vyake ni 16 tu. Namba hizi mbili hazifanani katika vigawo, isipokuwa 1 na 3. Hata hivyo zina jambo moja la pamoja ambalo msomaji aweza kulihakikisha mwenyewe: jumla ya tarakimu za kila moja ni 39. Matokeo yake ni kwamba tofauti kati yao, 71,577, lazima igawanyike kwa 9, na kweli ni 9 × 7,953. Sababu ni nyepesi. Namba 10, 100, 1,000 na kuendelea, kila moja ikigawanywa kwa 9 hubakisha 1. Kwa hiyo namba yoyote ikigawanywa kwa 9 hubakisha kile kile kinachobakishwa na jumla ya tarakimu zake.

Hapa yafaa kutoa onyo. Vigawo 72 si sifa ya watu wa Turkana. Lau mtoto mmoja zaidi angehesabiwa usiku ule wa sensa, namba ingekuwa 926,977, na kwa kuwa namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja ila 1, vigawo 71 kati ya vile 72 vingetoweka papo hapo. Mwenye kutafuta siri au bahati katika vigawo vya idadi ya watu anajenga juu ya mchanga. Faida ya vigawo ni nyingine, kama itakavyoonekana.

4. Namba ni moja, majina ni mengi

Sifa za namba ni za aina mbili, na ni vema mwanaisimu azitenganishe. Utasa na vigawo ni sifa za namba yenyewe. Jumla ya tarakimu ni sifa ya namna ya kuiandika, yaani ya kuhesabu kwa makumi. Na juu ya hizo mbili kuna jina, ambalo ni mali ya lugha.

Mfano mzuri unapatikana Turkana kwenyewe. Katika lugha ya Kiturkana, mizizi ya hesabu kuanzia moja hadi tano ni pei, arei, uni, omwon na kan. Kumi ni tomon. Sita haina mzizi wake pekee. Hutajwa kwa kuunganisha tano na moja, na vivyo hivyo saba ni tano na mbili, nane ni tano na tatu, tisa ni tano na nne. Majina haya yanafanana sana na yale ya Watoposa walioko ng'ambo ya mpaka wa Nadapal na ya Wakaramojong wa Uganda, kwa kuwa lugha hizo ni za ukoo mmoja. Sasa itazame 17, mojawapo ya vigawo vya namba yetu. Mturkana huijenga kwa vipande vitatu, kumi na tano na mbili. Mswahili huijenga kwa viwili, kumi na saba. Waswahili wa zamani, waliohesabu kwa edashara na thenashara, waliita "sabatashara", neno moja. Lugha moja imeikata mara mbili, nyingine mara moja, nyingine haikuikata kabisa. Na namba yenyewe imebaki tasa.

Majina ya Kiswahili nayo yametoka pande nyingi. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni ya Kibantu. Sita, saba na tisa yametoka katika Kiarabu, ingawa "kenda" lingali linajulikana kama jina la zamani la tisa, na "fungate", siku saba za arusi, limehifadhi jina la kale la saba. Makumi yote kuanzia ishirini hadi tisini ni ya Kiarabu, pamoja na mia na elfu. Laki limetoka Bara Hindi, na milioni limetoka Ulaya. Mchanganyiko huu kwa kawaida huelezwa kama historia tu. Sehemu ya 6 itaonyesha kwamba una athari ya kisarufi hata leo.

5. Chanzo cha utata

Katika Kiswahili kizidishi hufuata kile kinachozidishwa: "elfu tatu" ni elfu mara tatu. Hali kadhalika kijumlishi hufuata kile kinachojumlishiwa: "elfu na tatu" ni elfu kujumlisha tatu. Madamu kizidishi ni neno moja, hakuna tatizo. Tatizo huanza pale kizidishi chenyewe kinapokuwa na "na" ndani yake. Katika "elfu ishirini na sita", neno "na" laweza kuwa linaunganisha ishirini na sita ili zote ziizidishe elfu, na jumla ikawa 26,000; au laweza kuwa linaunganisha elfu ishirini nzima na sita, na jumla ikawa 20,006. Utata huu haupo katika mia, kwa kuwa kizidishi cha mia hakizidi tisa. "Mia mbili na tatu" ina maana moja tu. Upo katika elfu na katika milioni.

Lugha ambazo hutanguliza kizidishi, Kiingereza kikiwa mojawapo, haziupati utata wa namna hii. Kwa hiyo mwenye kutafsiri hesabu kutoka Kiingereza aweza kuutia katika maandishi yake bila kujua.

Namba iliyotajwa kikamilifu hujitetea yenyewe. Anayesikia "laki tisa, elfu ishirini na sita, mia tisa sabini na sita" hawezi kukosea, kwa sababu Kiswahili hutaja namba kwa kushuka: mamoja hayatangulii mamia. Maadamu "mia tisa" imekuja baada ya "sita", basi hiyo sita ni ya maelfu. Utata hubaki katika namba zilizokadiriwa, zinazoishia katika elfu. Lakini hizo ndizo zinazotangazwa redioni, ndizo zinazosemwa mikutanoni, na ndizo watu wazikumbukazo. Wasemao "elfu mia tisa ishirini na sita" badala ya kutumia laki nao hawakuukwepa utata huo, wameurefusha tu.

Baadhi ya wasemaji hugeuza mpangilio wakasema "ishirini na sita elfu". Wengine hutua kidogo kabla ya "na", na katika maandishi huweka mkato. Njia hizi zafaa, ila hazikuwa desturi ya wote, na mtuo hupotea kwa urahisi katika simu.

6. Sarufi inapotatua na inapoacha

Kuna njia moja iliyomo katika sarufi yenyewe, nayo haikuhitaji kubuniwa na mtu. Majina ya hesabu yenye asili ya Kibantu, yaani moja, mbili, tatu, nne, tano na nane, hukubali upatanisho wa ngeli: mtu mmoja, watu wawili, watu watano, watu wanane. Sita, saba, tisa na kumi hayakubali. Katika namba ndefu, kipashio cha mwisho ndicho kinachopatana na jina linalohesabiwa: watu ishirini na watatu.

Linganisha sasa sentensi hizi mbili:

(a) Walihesabiwa watu elfu ishirini na tatu.
(b) Walihesabiwa watu elfu ishirini na watatu.

Katika (b) kiambishi wa- kinaonyesha kwamba tatu inahesabu watu, kwa hiyo ni 20,003. Katika (a) tatu haina kiambishi, maana inaihesabu elfu, ambayo ni jina la ngeli ya N. Kwa hiyo ni 23,000. Utata umekwisha. Na kwa kuwa majina ya wanyama nayo hupatana kama majina ya watu, mfugaji asemaye "mbuzi elfu ishirini na watatu" ameeleweka sawasawa.

Tatizo limebaki mahali pawili. Kwanza, katika majina ya ngeli ya N yasiyo ya viumbe hai, fedha zikiwa mfano mkubwa: "shilingi elfu ishirini na tatu" ina utata kamili, kwa sababu shilingi na elfu hupatana kwa namna moja. Pili, katika sita, saba na tisa, ambayo hayana kiambishi hata pale yanapohesabu watu. Maneno yaliyokopwa kutoka Kiarabu yameacha pengo katika upatanisho, na katika pengo hilo ndimo utata umekaa.

Tuzirudie namba zetu mbili. Idadi ya mwaka 2009 ikikatwa kwenye maelfu ni 855,000, "watu laki nane na elfu hamsini na tano". Kama ingekuwa 850,005 tungesema "na watano". Namba hiyo, ambayo serikali na wananchi waliibishania sana, kisarufi haina ubishi. Idadi ya mwaka 2019 ikikatwa vivyo hivyo ni 926,000, "watu laki tisa na elfu ishirini na sita", na hapo sarufi haina la kusema. Hata idadi ya Wakenya wote katika sensa hiyo, 47,564,296, ikitajwa kwa mamilioni, "watu milioni arobaini na saba", imeangukia katika pengo lile lile.

Isitoshe, yapasa kukiri kwamba upatanisho huu ni wa Kiswahili sanifu na cha pwani. Katika sehemu nyingi za bara, ambako Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu, wasemaji husema "watu ishirini na tatu" bila kiambishi. Msikilizaji aliyeko Lodwar hawezi kuwa na hakika kwamba msemaji aliyeko Nadapal anaifuata kanuni. Pale sarufi isipoaminika, hapana budi kutafuta mizani nyingine.

7. Mizani ya baki

Mizani ya kale ya wahasibu ni ile ya tisa: mtumaji hutaja namba, kisha hutaja baki lake baada ya kugawanya kwa 9, na mpokeaji hulinganisha. Katika jambo letu mizani hii haifai kabisa. Tofauti kati ya 926,000 na 920,006 ni 5,994, yaani 6 × 999. Kwa jumla, kila "na" ya elfu ikisomwa vibaya, tarakimu moja huhama kutoka maelfu kwenda mamoja, na tofauti huwa tarakimu hiyo mara 999. Lakini 999 ni 27 × 37, kigawe cha 9. Kwa hiyo mizani ya tisa haitaona kosa hata mara moja. Tarakimu ni zile zile, zimehama tu, na jumla yake haikubadilika.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kutaja tarakimu ya mwisho: "yaishia na sufuri". Hiyo yatosha kwa utata wa "na", wala haipasi kuidharau. Upungufu wake ni kwamba hailindi kitu kingine; mpokeaji akiandika 296,000 badala ya 926,000, sufuri ingali pale pale.

Mizani ya 11 hulinda zaidi. Ili kupata baki la 11, anza na tarakimu ya mwisho, kisha toa inayofuata, jumlisha inayofuata, toa, na kuendelea hadi mwanzo wa namba. Matokeo yakiwa chini ya sufuri, ongeza 11 mpaka yavuke. Kwa 926,000 tunapata 0 − 0 + 0 − 6 + 2 − 9, yaani 13 chini ya sufuri. Tukiongeza 11 mara mbili tunapata 9. Kwa 920,006 tunapata 6 − 0 + 0 − 0 + 2 − 9, yaani 1 chini ya sufuri. Tukiongeza 11 tunapata 10. Baki ni tofauti, na kosa limeonekana. Haikuwa bahati: 999 si kigawe cha 11, na tarakimu iliyohama, kwa kuwa haizidi 9, nayo si kigawe cha 11. Kwa kuwa 11 ni tasa, zao la namba mbili zisizogawanyika kwa 11 haliwezi kugawanyika kwa 11. Kwa sababu hiyo hiyo mizani hii hugundua tarakimu moja iliyokosewa na tarakimu mbili jirani zilizobadilishana mahali. Msomaji amewahi kuiona jamaa ya mizani hii nyuma ya vitabu vyake: namba za vitabu za tarakimu kumi, zilizotumika hadi mwisho wa mwaka 2006, ziliongozwa na ugawanyikaji kwa 11, ndiyo maana baadhi yake ziliishia na herufi X, ikisimama mahali pa kumi.

Hata hivyo mizani ya 11 hushindwa katika milioni. "Milioni arobaini na saba" ikisomwa vibaya huwa 40,000,007, na tofauti ni 7 × 999,999. Namba 999,999 ni 27 × 7 × 11 × 13 × 37. Kumbe ni kigawe cha 11. Namba zote mbili hubakisha 3. Nayo 13, namba tasa inayofuata, imo humo humo. Inayofuata ni 17, na hiyo haimo katika 999 wala katika 999,999. Ikigawanywa kwa 17, 47,000,000 hubakisha 15, na 40,000,007 hubakisha 10. Kwa hiyo namba tasa ndogo kuliko zote, kati ya zile zinazozidi tisa, inayoweza kulinda "na" ya elfu na "na" ya milioni pamoja ni 17. Hesabu yake ni ngumu kuliko ile ya 11, na haifai kufanywa kwa kichwa. Lakini mashine huifanya mara moja. Msomaji atakumbuka pia kwamba 17 ni mojawapo ya vigawo vya 926,976: mwenye kuipokea namba hiyo kamili na kuigawanya kwa 17 atapata baki la sufuri.

8. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba utata wa "na" katika namba kubwa hautokani na uhaba wa lugha. Unatokana na mpangilio wa maneno, ambao huweka kizidishi na kijumlishi upande mmoja. Hupunguzwa na upatanisho wa ngeli. Na hubaki pale ambapo upatanisho haufiki, yaani katika ngeli ya N na katika sita, saba na tisa. Wanaoandika vitabu vya sarufi wangefaa kuieleza kanuni ya "elfu ishirini na tatu" na "elfu ishirini na watatu" mahali pake katika sura ya hesabu, badala ya kuiacha ifahamike kwa mazoea. Wanaotangaza takwimu nao wangefaa kuitaja namba kamili angalau mara moja kabla ya kuikata, kwa sababu namba kamili haina utata.

Ama kuhusu nadharia ya namba, imekuwa desturi kuifikiria kama elimu ya mbali isiyohusu wanaisimu. Mfano wa Turkana waonyesha vingine. Tofauti kati ya 926,000 na 920,006 ni watu 5,994. Kwa karani wa Nadapal ni neno "na" moja. Kwa anayegawa maji, dawa na madarasa, ni watu elfu sita kasoro sita waliofutwa bila mtu kukusudia.